Mashimo ya Mgambo

Udongo wa zamani ukimwagiwa maji hunukia mvua. Nilikuwa nimeisahau harufu hiyo, mimi ninayeishi Ruangwa mjini kwenye nyumba ya tofali na sakafu ya saruji, mpaka wiki ile tuliyokwenda Nambambo kubomoa nyumba ya bibi. Bibi, mama yake mama yangu, alikuwa ameshatutoka na arobaini yake imepita. Nyumba yake ya miti na udongo ilikuwa imeinamia upande wa jikoni, ukoo ukakubaliana iangushwe kabla haijamwangukia mtu, ijengwe nyingine ya tofali palepale.

Sululu aliishika mdogo wangu Saidi. Tulikuwa na mafundi wawili tuliowakodi, lakini yeye alikataa kukaa pembeni. Alisema nyumba ile haiwezi kuvunjwa na mtu ambaye hakulelewa ndani yake. Vumbi lilipozidi tukamwaga maji kwa ndoo, na ile harufu ikapanda. Basi mimi nikaanza. Mara nichukue ufagio, mara niutupe, mara niende jikoni kumuuliza mama chai ya mafundi imefikia wapi, mara nirudi uwanjani bila jibu.

"Dada, kaa chini basi," Saidi akaniambia.

Nikakaa. Nikasimama tena. Wanaonijua husema mimi sina makalio ya kukalia. Mume wangu amezoea kula na mtu anayeinuka mara sita kabla sahani haijaisha. Huwa nacheka nao, lakini najua nilikouokota ugonjwa huu. Niliuokota ndani ya nyumba ile, likizo moja, nikiwa na miaka tisa.

Saidi akaufikia ukuta wa chumba chetu cha utotoni, ule uliotutenganisha na chumba cha bibi. Ulipoanguka, akapiga sululu chini yake mara mbili, tatu, akaacha. Akachuchumaa. "Dada," akaita, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "hebu njoo uone."

Nitasema alichokiona. Lakini hakitaeleweka bila habari za sungura, na habari za sungura ni aibu yangu, kwa hiyo mnivumilie.

Sungura alikuwa wa Saidi. Alipewa na Kosmas, rafiki yake aliyekaa naye dawati moja shuleni. Kina Kosmas walikaa ng'ambo ya korongo, karibu na kanisa, na walifuga sungura kama sisi tulivyofuga kuku, kwa ajili ya kitoweo. Saidi hakuwa na habari ya kitoweo. Alimbeba mnyama, wa kijivu mwenye doa jeupe begani, ndani ya shati la shule, na kabla hajavuka korongo alishampa jina: Mgambo. Ni kwa sababu kila kishindo kilipotokea alisimama kwa miguu ya nyuma, masikio juu, mikono kifuani, kama mgambo wa kata anayesubiri kukaguliwa.

Nje kulikuwa na vicheche, kwa hiyo Mgambo alilala chumbani kwetu, ndani ya boksi. Boksi alilimaliza kwa siku mbili. Akahamia kwenye mkeka, kisha kandambili za mama, kisha waya wa antena ya redio ya baba, kisha mguu wa kitanda. Ukimfungia nje ya chumba, anautafuna ubao wa mlango ili aingie. Ukimfungia ndani, anautafuna ili atoke. Sakafu yetu ilikuwa ya udongo, na chini ya kitanda, mahali ambapo ufagio haufiki, alikwaruza usiku na mchana. Mama alilalamika, baba akatishia, na bibi alisema tu, "Meno yanamwasha. Mtafutieni kazi." Bibi alikuwa mtu wa maneno machache. Kiswahili alikijulia sokoni, na hata kwa Kimwera chake hakuwa mzungumzaji.

Likizo ya katikati ya mwaka ikafika. Ufuta ulikuwa umeshakung'utwa, magunia yamejaa nusu ya chumba chetu, na wajomba wakaanza kuja jioni kunong'ona na baba. Ninyi mliokulia kusini mnaijua minong'ono hiyo. Saidi alikuwa na miaka minane, na zamu yake ilikuwa imefika.

Asubuhi waliyokuja kumchukua, alinivuta nyuma ya magunia. Alikuwa ameshanyolewa kichwa, na masikio yake yalionekana makubwa kuliko ya Mgambo.

"Dada, nakuachia Mgambo. Wasimchinje."

"Nani amchinje?"

"Nimemsikia mjomba. Anasema siku ya kutoka watu watakuwa wengi, nyama haitatosha. Niapie."

Nikalamba kidole, nikakielekeza juu, kiapo chetu sisi watoto. Saidi akapumua, akatoka nje kwa wanaume, na ngoma ikaanza kulia upande wa korongoni. Wavulana wanane wa kijiji chetu walipelekwa kumbini siku ile, kwenye kambi ya porini wanakotahiriwa na kukaa mpaka wapone. Mimi mtoto wa kike sikutakiwa kujua zaidi ya hapo. Nilichojua ni kwamba kuna kisu, kuna kidonda, na kuna watoto wa zamani ambao hawakurudi.

Mchana wake bibi akatuita barazani: baba, mama na mimi. Kila ukoo una miiko yake mtoto akiwa kumbini, na kwetu mwenye kuitaja alikuwa yeye. Alihesabu kwa vidole. Moto wa jikoni usizimike. Mama asisuke nywele wala asijipake mafuta. Mtu na mwenziwe wasigombane. Hayo nilikuwa nimeshayasikia kwa majirani. Kisha akashika kidole cha nne, na uso wake ukawa mgeni kwangu.

"Na mtu asichimbe chini ya paa hili. Hata kwa ukucha. Kidonda cha mtoto kinasikia. Ukichimba huku, kule kinafunguka."

Baba akaitikia kwa kichwa. Mama akaitikia. Na katika ukimya ule, kutoka chumbani kwetu, mimi nikasikia: kwaru, kwaru, kwaru.

Sijui kama waliosalia walisikia. Niliruka kama mtu aliyekalia siafu, nikakimbilia ndani. Nilipovuta kitanda nikaona shimo kwenye kona, refu, linashuka kuelekea ukutani. Nikaingiza mkono mpaka begani bila kugusa mwisho. Mgambo alikuwa pembeni, pua nyekundu kwa udongo, ananitazama bila hatia yoyote. Na mawazo yangu, nayasema kama yalivyokuwa, ni haya: kila konzi ya udongo iliyotoka mle ndani ilikuwa uzi mmoja umekatika kwenye mwili wa Saidi.

Kumwambia mtu mzima sikuweza. Ningesema, Mgambo angekuwa kitoweo kabla ya jioni, na nilikuwa nimeapa. Nikinyamaza bila kufanya kitu, mdogo wangu angekufa. Basi ikabaki njia moja, kuziba.

Udongo niliuchukua kwenye kichuguu nyuma ya choo. Maji niliyaiba kwenye ndoo ya kuoshea vyombo. Nilikanda kwa miguu, nikabeba kwenye sufuria mbovu chini ya kanga, nikaziba, nikapiga kwa kiganja mpaka pakawa laini. Asubuhi iliyofuata nikakuta mashimo mawili. Nikaziba mawili. Kesho yake matatu. Nikasaga pilipili kichaa nikapaka chini ya ukuta. Mgambo akapiga chafya, akahamia ukuta wa pili, na aliyelia ni mimi, kwa kujisugua macho. Nikamwaga majivu, akayageuza kitanda. Nikaleta miiba; ikanichoma mwenyewe gizani chini ya kitanda. Nikamfunga mguu kwa ukanda wa kanga kuukuu. Aliukata kabla sijafika mlangoni. Wakati wenzangu wanacheza rede uwanjani, mimi nilikuwa nimelala kifudifudi nahesabu mashimo.

Sikuwa naweza kukaa. Nikiwa jikoni masikio yako chumbani, nikiwa chumbani moyo uko porini. Mama akinituma kisimani nilikwenda mbio na kurudi mbio, ndoo inafika nusu. Usiku nililala mguu mmoja uko chini, nigonge sakafu nikisikia mkwaruzo.

Mwishowe nilijifunza mawili bila kufundishwa na mtu. La kwanza, sungura hachimbi palipolazwa jiwe bapa. La pili, akipata mabua ya mtama na vijiti vya mpera vya kutafuna asubuhi na jioni, mlango na miguu ya kitanda hupata nafuu. Bibi alikuwa amesema kweli, alitaka kazi. Lakini mawe bapa yalikuwa korongoni, na kichwa changu kilibeba manne tu kwa safari, na ukuta ulikuwa mrefu.

Siku moja bibi akaingia chumbani nikiwa ndiyo kwanza nimesukuma kitanda mahali pake. Akasimama katikati, akavuta pumzi.

"Mbona humu kunanukia mvua?"

"Nimemwaga maji, bibi."

"Maji," akasema. Akatazama kitanda. Akatazama mikono yangu. "Somoe, kanawe. Kucha zako zimejaa udongo."

Akatoka. Nikamshukuru Mungu kwa kuumba wazee wasioona.

Siku hizohizo chungu chake kikavunjika. Kilikuwa chungu kikubwa cheusi cha kupikia kisamvu, chenye mistari ya vitone kuzunguka mdomo, na alikuwa amekuja nacho kutoka kwao Matambarale alipoolewa. Hakuna aliyeruhusiwa kukiinua ila yeye. Jioni alisema tu, "Chungu kimevunjika," akapika kwenye sufuria ya mama, na katikati ya kula akanung'unika kwamba mboga inanuka bati. Pale kwenye chakula hakuna aliyethubutu kumuuliza kimevunjwaje. Mimi niliona ni dalili nyingine mbaya, nikaongeza mbio za korongoni.

Habari za Saidi zilikuja kwa bakuli. Mama alisonga ugali, akaweka na mboga kwenye bakuli letu la bati lenye maua mekundu, nami nikalibeba mpaka njia panda ambapo wanawake hawaruhusiwi kupita. Hapo mjomba Bakari, kaka yake mama, aliyekuwa mmoja wa walezi wa wavulana, alilipokea na baadaye akalirudisha tupu. Kumuuliza mjomba mtoto anaendeleaje ilikuwa mwiko. Bakuli tupu ndilo lililokuwa barua yetu: Saidi anakula, Saidi mzima.

Halafu siku moja likarudi limejaa.

Mjomba hakunitazama usoni. "Mpe mama yako," akasema, akageuka. Nililibeba kwa mikono miwili njia nzima, ugali umeota ngozi. Mama alifunua, akafunika, akaanza kuupepea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Bibi akaja akafunua naye. "Kesho," akasema.

Kesho mchana likarudi limejaa tena. Baba, ambaye hakukosa shamba hata siku ya homa, alikaa uwanjani akitengeneza baiskeli isiyo na ubovu. Mama alipita na kopo la maji, akarudi nalo, akapita nalo tena. Bibi hakula. Mimi nikaingia chumbani, nikavuta kitanda, na chini ya ukuta wa nje nikaona mwanga wa jua. Mgambo alikuwa ametoboa. Alikuwa amepita chini ya nyumba yetu mpaka nje na kurudi, na sasa amekaa juu ya kifusi anajilamba miguu.

Sikulia. Nilimshika masikio na mgongo kama Saidi alivyonionyesha, nikamtia kwenye tenga la kuku, nikafunika kanga, nikavuka korongo. Nilipishana na watu wawili bila kuwaamkia, na kwa hilo peke yake ningeweza kuchapwa.

Mama yake Kosmas alikuwa anafua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Somoe. Mbona unahema hivyo? Umebeba nini?"

"Mgambo. Hatumtaki tena."

"Kafanya nini?"

Ya kumbini hayasemwi kwa watu wa nje, na wao walikuwa watu wa kanisani. "Anatafuna nyumba," nikasema.

Akacheka mpaka akaacha kufua. "Sungura gani asiyetafuna, mwanangu? Haya, mweke bandani na wenzake."

Nikamweka. Nilipofunga mlango wa banda akasimama kwa miguu ya nyuma, masikio juu. Sikumtazama mara ya pili. Nilirudi mbio, nikalijaza lile shimo la nje kwa mawe yote niliyokuwa nayo, nikakandika mpaka mikono ikafa ganzi.

Jioni ile bakuli likarudi tupu. Limefutwa kabisa, limelambwa. Mama alilishika akalibusu, bibi akakaa chini palepale jikoni, na mimi nikacheza ngoma peke yangu nyuma ya choo. Mimi ndiye niliyemponya Saidi! Sijawahi tena maishani kujiona nina nguvu kama siku ile.

Walitoka kumbini wiki mbili baadaye kwa vigelegele na ngoma, wamepakwa mafuta, nguo mpya, macho chini. Saidi alikuja na jina jipya ambalo nyumbani lilitushinda kulizoea. Alikalishwa kwenye mkeka na hakutakiwa kucheka wala kuongea ovyo. Lakini niliona macho yake yanavyokimbilia mlango wa chumba chetu. Watu walipoanza kula aliponyoka, akaingia ndani, akatoka.

"Yuko wapi?"

"Nimemrudisha kwa kina Kosmas. Alikuwa anachimba, Saidi. Kidonda chako kilikuwa kinafunguka. Nilikuwa nakuponya."

"Nani kakwambia niliumwa?"

Asubuhi yake nilikuwa kwa kina Kosmas kabla ya watu kunywa chai. Ngozi ilikuwa imetandazwa juu ya mlango wa banda, imebanwa kwa misumari minne, ya kijivu yenye doa jeupe begani. Mama yake Kosmas hakuwa mtu mbaya. Alinishika bega. "Jumapili tulipata wageni, mwanangu. Na wewe ulisema hamumtaki. Chukua mwingine." Sikuchukua. Nilirudi, nikamwambia Saidi neno kwa neno, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kusema.

Alikuwa ametoka kufundishwa kwamba mwanamume halii. Alisimama mbele yangu na jina lake jipya, kidevu kinatetemeka, mikono imebana kanzu, na mafundisho yakamshikilia. Afadhali angelia. Afadhali angenipiga. Hakusema nami mpaka shule zilipofunguliwa, na aliposema alisema, "Nipe kalamu."

Tulikua, tukasahau kwa namna watu wanavyosahau. Miaka mingi baadaye, tayari tuna watoto, nilimuuliza kuhusu bakuli. Akacheka. "Ya kumbini siwezi kukwambia, dada, ila hizo siku mbili mjomba alikuwa ametega ndezi. Tulikula nyama mpaka ugali ukatushinda." Nilicheka pamoja naye. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba yangu nikajifanya naanua nguo.

Sasa mrudi nami kwenye sululu.

Chini ya ukuta ulioanguka yalikuwepo mawe yangu bapa, yamelala kama nilivyoyalaza, na udongo wangu wa kitoto wenye alama za viganja vidogo. Niliyatambua yote. Lakini upande wa pili, upande wa chumba cha bibi, ambako sikuwahi kuingia chini ya kitanda chake kwa sababu nilimwogopa, kulikuwa na mashimo mengine. Mgambo alikuwa ametokea huko mara nyingi kuliko nilivyojua. Na kila shimo lilikuwa limezibwa. Si kwa mawe. Kwa vigae vyeusi, vimepangwa kimoja juu ya kingine kwa ustadi, vikakandikwa kwa udongo uliochanganywa na majivu. Saidi alikuwa ameshika kimoja, kipande cha mdomo, chenye mistari ya vitone.

"Hiki si chungu cha bibi?"

Mama alikuja na birika la chai mkononi. Akatazama. Akaliweka birika chini, akakaa juu ya kifusi kwa kanga yake safi.

"Nilimwona siku ile," akasema. "Alikiinua mwenyewe akakiangusha mwenyewe. Nilidhani amerukwa na akili."

"Alijua?" nikauliza. "Alijua Mgambo anachimba?"

"Alimsikia kabla yako. Kitanda chake kilikuwa hapo." Mama akaonyesha kwa kidevu. Kisha akatuambia jambo ambalo bibi alimwambia mwishoni, alipokuwa hawezi tena kuinuka. Bibi akiwa msichana mdogo kule Matambarale, kaka yake alikuwa kumbini. Siku moja yeye na watoto wenzake walimwona panya akiingia ukutani, wakachimba ndani ya nyumba mpaka wakampata, wakamchoma, wakamla, kama watoto wote wa huku tulivyofanya. Wiki hiyohiyo kaka yake akafa kumbini. Hakuna aliyemlaumu, kwa sababu hakuna aliyejua, na hakuna mwiko uliokuwa umemkataza. Mwiko aliutunga yeye, baadaye, kwa ajili ya watoto wengine. "Mimi sijawahi kuusikia kwa mtu mwingine yeyote," mama akasema.

Nilisikia hasira, na sitaficha. Miaka yote hii! Mtu mzima alilala upande wa pili wa ukuta mwembamba, anaziba kama mimi, anaogopa kama mimi, na asiseme hata neno moja. Angeniambia "nami naogopa", ningelala usingizi. Nikamuuliza mama kwa sauti ambayo haikustahili kutumiwa kwake: kama aliogopa kiasi hicho, kwa nini hakumchinja yule sungura siku ya kwanza?

"Ndivyo nilivyomwambia siku ile ya chungu," mama akasema. "Nilimwambia, mama, chungu chako cha Matambarale, kwa ajili ya sungura? Si tumchinje tu? Akasema hapana. Akasema, Saidi akitoka atamuulizia."

Fundi mmoja alikohoa. Mimi nilimponya Saidi kwa kumtoa Mgambo, ndivyo nilivyoamini. Bibi, aliyekuwa na sababu ya kuogopa kuliko mimi, aliwekeza chungu chake kwenye siku ambayo Saidi angerudi mzima na kuuliza habari za mnyama wake. Na mimi niliyeapa ndiye niliyehakikisha hana la kujibiwa.

Saidi akakipangusa kile kigae kwa kidole gumba, taratibu, kitone kwa kitone. "Kumbe mlikuwa wawili," akasema. Akanipa.

Fundi akauliza kama takataka hizo apeleke korongoni. "Mawe na vigae vyote vitaingia kwenye msingi," Saidi akamjibu, akainua sululu tena.

Nikasogea nikakaa kwenye kifusi kando ya mama, kigae mapajani. Udongo ulikuwa bado unanukia mvua. Chai ikamiminwa, ikapoa, na mimi bado nilikuwa nimekaa.